Hiyo karatasi anaishika nani?

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi kwenye mkutano wetu wa watu wa kujitolea. Wengi hamkuweza kufika na mmeomba, kwa hiyo nimeyaandika kama nilivyoyaongea, yale ya kwenye skrini nimeyaacha.)

Shikamooni wazee wangu. Kina mama asanteni sana kwa kuja, vijana habari zenu. Naona wengine mmesimama huko nyuma, sogeeni, hapa mbele bado kuna nafasi.

Nianze na daftari.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni. Kulikuwa na mpango unakuja, mpango unaotugusa sisi tunaoishi pale moja kwa moja, wakasema wanataka kusikia wananchi tunasemaje. Nikaenda mapema kabisa. Mlangoni kuna meza, juu ya meza kuna daftari la mahudhurio, jina, namba ya simu, saini, na kalamu imefungwa kwa uzi isiondoke. Nikaandika, nikasaini. Tukakaa saa nne nzima tunaongea, kuna mzee mmoja aliongea kwa uchungu mpaka sauti ikamkwama, ukumbi wote ukanyamaza. Mwisho tukaambiwa asanteni, maoni yenu tumeyachukua. Basi tukasubiri. Miezi ikapita, mpango ukatoka vilevile ulivyokuwa, hata nukta haikuhama. Tukaenda kuuliza, ofisa akafungua faili akatuonyesha ukurasa umeandikwa kwamba wananchi walishirikishwa kikamilifu, na ushahidi ulioambatanishwa ni nini? Ni kopi ya lile daftari. Saini yangu iko pale, mstari wa tatu kutoka juu.

Mnanielewa jamani? Maneno ya yule mzee hayakuwemo kwenye faili. Hata moja. Saini yake ndo ilikuwemo.

Tangu siku ile kila nikisikia mtu anasema ushirikishwaji wa wananchi, kichwani linanijia swali moja tu, na hilo ndo nimekuja nalo leo: tukishamaliza kuongea, tukishatoka ukumbini, hiyo karatasi anaishika nani?

Siku hizi kuna kitu kinaongelewa sana duniani, mabaraza ya wananchi. Naomba nikieleze taratibu maana wengi tunachanganya. Hili siyo baraza la kuchaguliwa, hakuna kampeni, hakuna kofia wala fulana. Watu wanapatikana kwa bahati nasibu. Barua zinatumwa kwa maelfu ya watu waliookotwa bila kupangwa, wanaokubali wanachambuliwa tena ili chumba kifanane na nchi, wanawake na wanaume, wazee na vijana, wa mjini na wa kijijini, aliyesoma sana na aliyeishia njiani. Afu wanakalishwa pamoja wikiendi baada ya wikiendi, wanaletewa wataalamu wa pande zote, wanawahoji, wanajadiliana wenyewe kwenye meza ndogondogo, mwisho wanaandika mapendekezo na kuyapigia kura.

Wazo lenyewe ni la zamani sana. Athens ya kale, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, baraza lao la watu 500 lilipatikana kwa kura ya bahati, na baadaye kwa kupata waamuzi wa mahakama walitumia hadi jiwe lenye matundu, unachomeka vibao vya majina ili mtu asiweze kupanga nani apite. Lakini tusiwapambe sana, wanawake hawakuwemo, watumwa hawakuwemo, wageni hawakuwemo. Hata bahati nasibu inategemea kapu lina majina ya nani.

Sasa tuje karibu. Ireland, mwaka 2016. Walikuwa na kifungu cha katiba kilichowekwa 1983 kilichozuia karibu uavyaji mimba wote, na kwa zaidi ya miaka thelathini wanasiasa wengi walikuwa hawataki kukigusa, ukikigusa unapoteza kura upande huu au upande ule. Najua mada yenyewe ni nzito na humu ndani tunatofautiana, mimi leo sitaki tuijadili, nataka tuangalie njia waliyopita. Wakaokota wananchi 99, mwenyekiti wa mia akawa jaji Mary Laffoy, wakawa wanakutana hotelini Malahide, nje kidogo ya Dublin. Hebu ingieni humo ukumbini na mimi kidogo. Ni meza za duara, kila meza watu saba au nane, na kwenye kila meza kuna mwezeshaji na mtu wa kuandika. Kazi ya mwezeshaji ni kuhakikisha yule muongeaji anapumzika kidogo na yule mkimya anafikiwa. Mama anayelea watoto nyumbani amekaa na dereva, dereva amekaa na mwanafunzi, mbele yao kuna daktari, kuna mwanasheria, kuna anayetaka kifungu kibaki na anayetaka kiondoke, wote wanaulizwa maswali, na inaonyeshwa laivu nchi nzima iangalie. Wikiendi tano kwa mada hiyo moja! Maoni ya watu wa nje yaliyotumwa yalizidi 12,000.

Walipopiga kura, asilimia 87 wakasema kifungu kisibaki kama kilivyo. Wanasiasa wengi walishtuka, wakasema hawa wameenda mbali kuliko nchi ilivyo. Tarehe 25 Mei 2018 ikaja kura ya maoni ya nchi nzima, asilimia 66.4 wakasema kifungu kibadilishwe. Wale 99 hawakuwa mbali na nchi. Wanasiasa ndo walikuwa mbali.

Niseme kitu kidogo hapa kabla sijasahau. Mwanzoni mwa 2018, baraza hilohilo likiwa kwenye mada nyingine, iligundulika kwamba mtu mmoja aliyepewa kazi ya kutafuta wajumbe wa kujazia nafasi aliwapata wajumbe 7 kupitia watu anaojuana nao badala ya kufuata utaratibu. Saba tu. Na ikatangazwa hadharani. Naomba mlione hilo, maana nguvu yote ya baraza la namna hii iko kwenye neno moja, bahati. Siku ambayo ofisa akianza kuleta shemeji zake, hilo siyo baraza la wananchi tena, ni kikao cha ukoo.

Na kitu kingine, watu wengi wakipata ile barua hawajibu. Siyo kwamba hawajali nchi yao. Mtu ana kazi za wikiendi, ana mgonjwa nyumbani, ana watoto atamwachia nani? Ndo maana mabaraza yaliyopangwa vizuri yanalipa posho na nauli na yanaweka mtu wa kuangalia watoto, ukiona baraza halina hivyo ujue litajaa watu wenye nafasi na wenye uwezo, afu litasema linaongea kwa niaba ya wote.

Haya. Watu wakimaliza kuisikia stori ya Ireland wanasema umeona, mabaraza yanafanya kazi. Mimi nasema mmeisikia nusu.

Nusu nyingine ilikuwa barabarani. Mwaka 2012 alifariki Savita Halappanavar, mwanamke aliyekuwa na ujauzito unaoharibika, akaomba utolewe akakataliwa, na kifo kile kikawatoa watu nje, na tangu mwaka ule wakawa wanaandamana kila mwaka, kila mwaka, miaka minne kabla ya baraza kukaa. Kampeni ilipofika wakagonga milango nyumba kwa nyumba, na waliokuwa upande wa pili nao waligonga milango kwa imani yao. Kwa hiyo ile karatasi ya mapendekezo ilipotoka Malahide ilikuta watu wamesimama mlangoni wanaisubiri.

Mnataka ushahidi zaidi? Hapohapo Ireland, kabla ya hili baraza kulikuwa na lingine, 2012 hadi 2014, watu 100, wananchi 66, wanasiasa 33 na mwenyekiti. Wakapendekeza mambo mengi. La ndoa za jinsia moja lilikuwa na vuguvugu kubwa nyuma yake, likafika kura ya maoni 2015 likapita kwa asilimia 62. Siku hiyohiyo kulikuwa na kura ya kushusha umri wa kugombea urais, hilo halikuwa na watu wa kulibeba, likaanguka vibaya. Na la kushusha umri wa kupiga kura hadi miaka 16? Serikali iliahidi itaitisha kura ya maoni, afu ikaachana nalo. Chumba kimoja, watu walewale, mapendekezo yameandikwa kwa kalamu ileile. Moja likatembea, mengine yakakaa.

Twende Kanada, jimbo la British Columbia, 2004. Hii stori inaniuma kila nikiisimulia. Wakaokota watu 160, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja kutoka kila jimbo la uchaguzi, majimbo yalikuwa 79, wakaongeza wawili kutoka jamii za wenyeji wa asili. Kazi yao ilikuwa kuangalia mfumo wa uchaguzi, yaani kura zinavyogeuka kuwa viti bungeni. Hivi kuna kitu kigumu na kikavu kama hicho? Lakini wale watu walikaa karibu mwaka mzima, wakajifunza mifumo ya nchi nyingine, wakazunguka kusikiliza wananchi kwenye mikutano ya hadhara, na mwisho wakapiga kura, 146 wakataka mfumo mpya, 7 tu wakakataa. Watu wa kawaida waliookotwa walielewa jambo ambalo tunaambiwaga ni la maprofesa peke yao.

Ikaja kura ya maoni Mei 2005. Asilimia 57.7 wakasema ndiyo. Mnadhani walishinda? Hawakushinda. Serikali ilikuwa imeweka sharti kwamba lazima ifike asilimia 60. Wengi wametaka, na bado imeanguka. Na wale 160 walikuwa wameshamaliza kazi yao, baraza limevunjwa, kila mtu yuko kwake, wananchi wengi wanaingia kupiga kura hawajui vizuri hata huo mfumo ni kitu gani. Hakukuwa na watu wa kutosha wa kwenda mlango kwa mlango kueleza. Iliporudiwa 2009 waliosema ndiyo hawakufika hata asilimia 40.

Karatasi ilikuwa nzuri. Anaishika nani?

Ufaransa nako. Novemba 2018 watu wanavaa vizibao vya njano wanatoka barabarani, chanzo ilikuwa kodi ya mafuta, lakini chini yake kulikuwa na hasira ya watu wanaoona wanaamuliwa bila kuulizwa. Serikali ikatikiswa, na kwenye kutafuta njia likazaliwa baraza la hali ya hewa, wananchi 150 waliookotwa kwa bahati, wakaanza Oktoba 2019. Kwa hiyo kabla hatujaenda mbali kumbukeni, bila watu barabarani hao 150 wasingekaa. Wakapewa swali gumu, tupunguzeje hewa chafu kwa asilimia 40 ifikapo 2030 ukilinganisha na 1990, na tufanye hivyo bila kuwaumiza wanyonge. Rais Macron akawaahidi kwamba wanachokileta kitapelekwa bila kuchujwa. Bila kuchujwa! Juni 2020 wakamaliza na mapendekezo 149, Rais akakataa matatu waziwazi, mengine yakaingia wizarani, yakaingia kwenye kamati, yakaingia bungeni, yakatoka yamekatwa mikono na miguu. Februari 2021 wananchi walewale wakaitwa kutoa alama kwa jinsi serikali ilivyoyachukua mapendekezo yao. Wakatoa 3.3 kwa 10.

Nawaheshimu sana kwa ile 3.3, maana wangeweza kupiga picha ya pamoja wakaondoka.

Iceland sitakaa sana. Baada ya uchumi wao kuanguka 2008 waliandika rasimu ya katiba kwa njia ya wazi kabisa, 2012 thuluthi mbili ya waliopiga kura wakasema hii ndo iwe msingi wa katiba mpya, na bunge halikuipitisha.

Sasa msije mkaniambia kwa hiyo mabaraza hayana maana, tubaki barabarani. Hapana. Ngoja niwapeleke sehemu moja ambayo mimi naipenda kuliko zote.

India, jimbo la Rajasthan, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni eneo kame. Ukame ukipiga, serikali inafungua kazi za dharura, kuchimba mabwawa, kutengeneza barabara, watu wanalipwa kwa siku, na sheria imeweka kima cha chini. Mama anachimba kutwa nzima juani, siku ya malipo anapewa pungufu. Anauliza, mbona pungufu? Anajibiwa hukumaliza kazi yako. Nani kasema? Imeandikwa. Basi nionyesheni palipoandikwa. Anajibiwa, hiyo ni siri ya serikali.

Siri ya serikali! Jina ni lake, siku ni zake, jasho ni lake, afu ni siri. Na walikuwa na sheria ya kujifichia kweli, sheria ya siri za serikali ya mwaka 1923, ya enzi za mkoloni.

Mwaka 1990 wafanyakazi na wakulima wa pale wakaunda chama chao, Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, wakiwa na watu kama Aruna Roy ambaye zamani alikuwa mtumishi wa serikali akaacha. Wangeweza kuanza kwa kudai sheria mpya mji mkuu. Wao wakaanza kwa kudai karatasi. Wakawa wanatafuta nakala za madaftari ya malipo, na Desemba 1994 wakafanya kikao cha kwanza cha hadhara. Sikilizeni kilivyokuwa. Watu wamekaa chini, mtu anashika kipaza sauti, anasoma. Fulani bin fulani, siku kadhaa, amelipwa kiasi hiki. Mtu anasimama katikati ya umati anasema huyo alishakufa. Anasoma mwingine. Mwenye jina anasimama mwenyewe, mimi huyu hapa, sijawahi kufanya kazi hapo hata siku moja. Anasoma jengo, limelipiwa, limekamilika, na watu wote wanalijua lile jengo halijaisha. Wengi waliokaa pale hawakujua kusoma. Haikuwa shida, walichohitaji ni kusomewa kwa sauti mbele ya majirani zao.

Kuna mama mmoja wa chama kile, aliulizwa mtu kama yeye habari za serikali anazitakia nini, akajibu kwa mfano wa nyumbani, kwamba mwanangu nikimtuma sokoni na rupia kumi akirudi namuuliza hesabu, na serikali inatumia mabilioni kwa jina langu, kwa nini nisiiulize? Mwaka 1996 wakakaa barabarani kwenye mji wa Beawar siku 40, kilio chao kilikuwa pesa zetu, hesabu zetu. Mwaka 2000 jimbo likatunga sheria ya haki ya kupata taarifa. Mwaka 2005 ikawa sheria ya India nzima.

Kumi na tano! Miaka kumi na tano kutoka kijijini hadi bungeni, na ilianza na mtu anayetaka kuona jina lake.

Nilipoisoma stori hii kwa mara ya kwanza nilikumbuka daftari langu. Sisi tuliweka saini tukaenda nyumbani. Wao walirudi, wakalidai daftari, wakalisoma hadharani. Lilikuwa daftari tu, kama letu.

Na hapa naomba niseme na sisi wenyewe wanaharakati, kwa upendo kabisa. Sisi tunapenda siku ya maandamano. Tunapenda ile picha. Siku ikiisha tunarudi kwenye grupu tunatumiana video, wiki inapita, tunasubiri jambo lingine litukasirishe. Jamani hayo siyo maandalizi. Wote tunalijua jina la Rosa Parks, Montgomery, Marekani, tarehe 1 Desemba 1955, alikataa kumwachia mzungu kiti kwenye basi. Wangapi hapa mnalijua jina la Jo Ann Robinson? Nyoosheni mikono. Watatu. Sawa. Huyu alikuwa mwalimu wa chuo na kiongozi wa baraza la kisiasa la wanawake weusi wa mji ule, na walikuwa wameshamwandikia meya barua tangu Mei 1954 kwamba mambo ya kwenye mabasi yasipobadilika watu watayasusia. Mwaka mmoja na nusu kabla! Usiku ule Rosa Parks alipokamatwa, mwalimu huyu akaingia chuoni na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili, wakawasha mashine ya kurudufu, wakazungusha mpaka alfajiri, makumi elfu ya vipeperushi. Mchana vilishasambaa mjini. Jumatatu mabasi yakapita matupu, na watu wakatembea kwa miguu na kupeana lifti siku 381.

Usiku mmoja hautoshi kupanga kitu kama kile. Njia za kupitisha vipeperushi zilishajulikana, nani anapeleka shule ipi, nani anapeleka kanisa lipi. Karatasi ilikuwa na mikono inaisubiri. Watafiti wawili, Erica Chenoweth na Maria Stephan, walilinganisha mavuguvugu makubwa ya dunia kuanzia 1900 hadi 2006, wakaona yale yasiyotumia silaha yalifanikiwa kwa asilimia 53 na yenye silaha asilimia 26, na sababu kubwa waliyoitaja ni kwamba kwenye njia ya amani bibi anaingia, mwalimu anaingia, mtoto wa shule anaingia, mnakuwa wengi na mnadumu.

Lakini kuna swali ambalo barabara haiwezi kulijibu. Barabara inajua kusema hatutaki. Ukiiuliza basi tufanyeje, kila mtu anasema lake, na siyo kosa la mtu, huwezi kujadili kipengele cha sheria mkiwa elfu hamsini juani. Hapo ndo lile baraza la meza za duara linahitajika, kwa sababu mle ndani kuna muda, kuna taarifa, na kuna mtu usiyekubaliana naye amekaa sentimita hamsini kutoka kwako na saa sita mchana mnakula pamoja. Mimi nimeona watu wakibadilika kwenye meza za namna hiyo. Siyo wote, na siyo kwa kila kitu, ila anaanza kumwita mwenzake kwa jina.

Nani amejaribu kuviunganisha hivi viwili kisheria? Kuna sehemu ndogo sana mashariki mwa Ubelgiji, watu wanaoongea Kijerumani, idadi yao haifiki laki moja. Mwaka 2019 bunge lao lilipitisha kwa kauli moja mfumo wa kudumu. Kuna baraza dogo la wananchi 24, wanakaa mwaka na nusu kisha wanabadilishwa, hao ndo wanaamua mada gani iende kwenye baraza la kuokotwa. Mnaona tofauti? Waziri haamui mada. Na mapendekezo yakishatoka bunge linalazimika kuyajadili pamoja na wananchi, na kama linakataa jambo linatoa sababu. Afu wale 24 wanafuatilia utekelezaji. Kuna mtu ameandikiwa kwenye sheria kwamba kazi yako wewe ni kuishika karatasi.

Nirudi Ireland mara ya mwisho, maana hata wao waliteleza. Baraza lao la usawa wa kijinsia lilipendekeza katiba ilazimishe serikali kuchukua hatua zinazofaa kusaidia watu wanaohudumia wagonjwa na wazee nyumbani. Maneno yalipofika serikalini yakageuka, ikaandikwa kwamba serikali itajitahidi. Itajitahidi! Kwa anayemgeuza mama yake kitandani usiku mara tatu, hayo ni maneno mawili tofauti kabisa. Machi 2024 ikapigiwa kura, asilimia 73.9 wakasema hapana. Sababu zilikuwa nyingi, lakini watu waliokuwa wanawauguza wagonjwa walilisoma neno lile.

Kwa hiyo mkiitwa. Na mtaitwa, maana hili jambo linakuja kila mahali. Mimi nasema nendeni, ila kabla hujashika kalamu uliza. Nani amechagua mada? Sisi tumepatikanaje, kwa bahati kweli au kwa kujuana? Tunachokiandika kinakwenda kwa nani, na huyo analazimika kutujibu lini, na akikataa atatuambia sababu hadharani? Kikao kinaonyeshwa au kimefungwa? Wakisema hayo mtayajua baadaye, basi subirini muambiwe kwanza ndo msaini. Mkishasaini pigeni picha ukurasa wa daftari, kila mtu, na andikeni wenyewe kilichosemwa, na jina la aliyekisema kama ameridhia, siku hiyohiyo kabla ya kulala.

Sisi tulioitwa siku ile tulishafanya hivyo, kwa kuchelewa, lakini tulifanya. Tulimfuata yule mzee nyumbani kwake, tukakaa naye jioni moja, akatusimulia upya yote aliyoyasema ukumbini, tukaandika, kurasa nne, tukamsomea, akasahihisha sehemu mbili, akaweka dole gumba. Tumezipeleka ofisini zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na kopi ninayo hapa kwenye mfuko. Nitaiacha mezani pale mbele, anayetaka aisome.

Mimi nimeongea sana. Kuna mama pale pembeni amenyoosha mkono tangu nilipokuwa Ufaransa. Naomba apewe maiki.